Shingo Iliyosomea Bulgaria

Jumatano, 1 Julai 1992

Nimeamka na furaha isiyo na sababu. Nimefungua mlango, upepo wa mtaa wetu wa Chanji ukanipiga usoni, nikacheka. Hii si baridi. Baridi ni ile ya Bulgaria, yenye theluji na adabu zake. Hii ya Sumbawanga ni fujo tu. Hata hivyo nimevaa koti. Koti langu! La sufu, zito, kola ya manyoya, vifungo vikubwa vya shaba. Mji mzima hauna koti la namna hii.

Redio imetangaza kwamba kuanzia leo nchi ni ya vyama vingi. Mama akasema labda katika hivyo vyama vingi kimojawapo kitanipa kazi. Mtu mwenye shahada ya kilimo ya ng'ambo hajibu maneno ya asubuhi asubuhi. Wizara imeniambia nisubiri, nami nasubiri. Huku nikisubiri namsaidia Baba mdogo Adolfu kuuza mitumba sokoni. Kwa muda tu.

Ajali ndogo leo. Sukari imefika dukani. Mwenye duka akaniuliza kama nachukua kilo. Nikatikisa kichwa kwa furaha. Akampa mtu aliyekuwa nyuma yangu! Nikalalamika. Akasema nimekataa mwenyewe na watu wote wameniona. Hapo ndipo nikakumbuka. Bulgaria mtu akikubali anatikisa kichwa huku na huku. Akikataa anakiinamisha. Kinyume kabisa na sisi! Mwaka wa kwanza nililala njaa mara nyingi kwenye bwalo la chuo kwa kuinamisha kichwa mbele ya wapishi. Baadaye shingo ikazoea. Miaka sita imezoea. Sasa nimerudi, yenyewe haijarudi. Jambo dogo. Msomi hawezi kushindwa na shingo yake mwenyewe.

Habari kubwa nimeiacha mwisho makusudi. Mzee Baltazari wa kijiji cha Pito amekubali kutupokea Jumapili ya tarehe kumi na mbili. Namposa binti yake, Bertilla! Bertilla mwalimu wa kemia, Bertilla wa sauti ya pili kwenye kwaya. Nilipoondoka aliniaga kwa kicheko. Niliporudi mwezi uliopita alinikuta sokoni nimebeba rundo la sketi za mitumba, akacheka tena, akasema kama nina nia nilete wazee. Nina nia. Nina nia mpaka usingizi unakataa.

Alhamisi, 2 Julai

Baba mdogo Adolfu ndiye mshenga wetu. Leo amekwenda Pito kupeleleza, amerudi na uso mrefu.

Kwanza: Mzee Baltazari hana hamu na watu waliosoma Ulaya. Kijana wake wa kwanza, Amos, alikwenda Uswidi kusomea uhandisi. Akaoa hukohuko. Barua zikawa za Krismasi tu, na Krismasi iliyopita haikuja hata hiyo. Mzee anasema Ulaya ilishammeza mtoto mmoja, haimezi na binti. Anataka kujiridhisha kama mimi bado ni mtu wa hapa au nimekuwa mtu wa huko. Akiridhika, napewa Bertilla. Asiporidhika, napewa uji na kusindikizwa hadi njia panda.

Hilo naliweza. Mimi sijabadilika hata kidogo. Nilikuwa nimepanga niende na koti, nizungumzie profesa wangu, nikatae ugali kidogo ili waone nimetembea. Nafuta yote. Nitakwenda kama mtu ambaye hajavuka hata mto.

Pili, na hapa ndipo penye balaa: katika ukoo wao kijana anayeposa hafungui mdomo. Mshenga ndiye mdomo wake. Mzee akimuuliza kijana swali, kijana anajibu kwa kichwa. Kwa kichwa tu!

Nimekaa chini. Kati ya viungo vyote vya mwili!

Nikamwomba Baba mdogo awashauri waache desturi hiyo, maana dunia inabadilika. Akaniuliza kama Wabulgaria walibadili desturi zao kwa ajili yangu. Nikainamisha kichwa, nikimaanisha hapana, hata moja. Akapendezwa sana. Akasema kumbe Wabulgaria ni watu wema.

Ijumaa, 3 Julai

Mpango wa kwanza: mazoezi.

Mama amekuwa mwalimu. Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa ulezi na samaki, mgebuka wa kukaanga uliotoka Wampembe, ziwani. Akaniuliza kama nataka ugali. Nikatikisa kichwa. Akaondoa sahani! Nikapiga kelele kwamba nautaka. Akasema mdomo haumo kwenye desturi. Akauliza tena. Nikatikisa tena, kwa nguvu zaidi, nikidhani kosa ni unyonge. Mgebuka ukaenda kwa jirani.

Hadi jioni nilikuwa nimeweza. Mbele ndiyo, pembeni hapana. Nimeinamisha kichwa kwa ugali, kwa maharage, hata kwa mboga nisizozipenda. Kisha Mama akaniuliza kama nimeshiba. Shingo ikachanganyikiwa, nikazungusha kichwa duara kama kuku aliyelewa pumba za pombe. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alisema hajacheka hivi tangu niondoke. Nilifurahi kuliko nilivyoshiba.

Jumamosi, 4 Julai

Kornel.

Sikutaka kumwandika humu lakini amelazimisha. Tulisoma darasa moja. Mimi wa kwanza, yeye wa kuamshwa. Kidato cha nne kilimshinda. Sasa biashara imekuwa huria, ananunua ulezi na mahindi vijijini na kupeleka Tunduma kwa lori la kukodi. Ana miwani ya jua. Sumbawanga, Julai, mawingu yote haya, miwani ya jua! Akiniona haniiti Adriano, ananiita Profesa, kwa sauti ile ya kuchokoza, kisha anauliza Ulaya nimeleta nini zaidi ya kola ya manyoya. Mambo, Profesa? Poa, namjibu, lakini si poa.

Leo muuza chai wa sokoni ameniambia lori la Kornel limeonekana nyumbani kwa Mzee Baltazari mara mbili wiki hii. Mara mbili! Hakuna mtu anayekwenda Pito mara mbili kwa ajili ya ulezi. Anamtaka Bertilla.

Mpango wa pili. Umenijia palepale, mzima, kama yai. Mzee hataki watu wa Ulaya, sivyo? Basi nimemnong'oneza muuza chai kwamba Kornel amepata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Nimemwambia ni siri kubwa. Mwanamume yule hawezi kukaa na siri mpaka maji yachemke. Mzee atasikia kabla ya misa. Kwisha habari yake Kornel.

Jumapili, 5 Julai

Habari yake Kornel haikwisha. Ndiyo kwanza imeanza.

Padri amemtaja kwenye matangazo! Amemtakia safari njema na kuwaomba vijana wote waige bidii yake. Bidii gani? Nje ya kanisa akina mama walipiga vigelegele. Watu wamempa kuku, wamempa maharage, mmoja amempa sweta. Kornel mwenyewe alianza kwa kushangaa, kisha akatulia, kisha akavua miwani ya jua na kuanza kuwashukuru watu kwa ushirikiano wao.

Na Mzee Baltazari? Nilijificha nyuma ya nguzo nimwangalie anavyomkunjia uso. Hakumkunjia. Alimshika Kornel mkono, akaushikilia muda mrefu, akamwambia akifika huko amtafute Amos, amwambie kwamba mama yake bado anampikia Krismasi. Nikaona vibaya. Kidogo tu, halafu nikaenda nyumbani kula.

Jioni Kornel amekuja. Amesema amesikia mimi ndiye niliyeanza kueneza hiyo habari njema, na anashukuru sana, maana hata yeye alikuwa hajaambiwa. Nafasi yenyewe hajui iko nchi gani, ila ana imani. Akaomba nimwazime koti la safari. Koti! Nikakataa papo hapo. Nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni, kwa hiyo nikakataa kwa kichwa. Nikainamisha, mara mbili, kwa msimamo.

Akanikumbatia na kulivaa.

Akiwa mlangoni, ndani ya koti langu, akasema anakwenda kumwonyesha mchumba wake. Nikameza muhogo mzima na kumuuliza mchumba gani. Akasema Monika wa Wampembe, na kwamba nilialikwa harusini tangu wiki iliyopita ila sikuwa nasikiliza. Pito huwa anafuata ulezi.

Ulezi!

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Nimekwenda viwanjani nikitetemeka bila koti. Upepo ulinikuta pote. Lakini Bertilla alikuwepo! Ameniona, ameacha wenzake, tumezunguka pamoja kwenye maonyesho. Tumetazama fahali wa Shija, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, mwenye pembe ndefu na dharau nyingi. Fahali, si Shija. Shija ni mtu mpole.

Bertilla akaniuliza kama nataka karanga. Nikatikisa kichwa. Akaanza kuzirudisha mkobani, nami nikanyoosha mkono. Akanitazama kama anavyotazama kitu kinachobadilika rangi kwenye chupa ya maabara. Akaniuliza tena, na tena, mpaka karanga zikaisha, kisha akataka maelezo. Nikamweleza mambo ya shingo. Alicheka hadi fahali akageuka.

Akaniuliza nilijifunza nini hasa huko ng'ambo. Nikamtajia udongo, mbegu, magonjwa ya nyanya. Nikamweleza pia kwamba mwaka wa nne serikali yao ilianguka, profesa akatuambia tufunge kitabu cha ushirika na tufungue cha soko huria, na hicho cha soko huria kilikuwa hakijachapishwa. Akacheka, lakini akasema hajauliza masomo. Ameuliza nilijifunza nini.

Sijui kwa nini nilimjibu. Labda ni baridi. Nikamwambia kwamba tangu darasa la kwanza mimi nilikuwa wa kwanza, na kule ghafla nikawa mjinga wa darasa. Sikujua lugha. Watoto wadogo dukani walinisahihisha. Niliishi chumba kimoja na Mvietinamu na Mhabeshi, na jioni tulikuwa tunachekana makosa, kila mtu kwa lugha yake, mpaka yakaacha kuuma. Nikamwambia nilijifunza kusema sijui, nieleze tena. Kabla ya hapo maneno hayo sikuwahi kuyatamka mbele ya mtu.

Bertilla akauliza mengine mengi. Upweke unaisha baada ya muda gani? Maabara zao zikoje? Msichana peke yake anaweza kukaa? Nilijibu kwa raha zote. Anapenda sana habari zangu! Mwisho akasema hayo niliyomwambia niyaseme hivyohivyo kwa baba yake, bila ujanja wowote. Nikaahidi.

Alikuwa amesuka nywele upya. Alipendeza mno. Mengine aliyosema siyakumbuki vizuri.

Ijumaa, 10 Julai

Mpango wa tatu. Huu ndio wenyewe.

Nitaumwa shingo. Taulo nene, fundo kubwa, uso wa mateso. Mtu mwenye shingo mbovu hawezi kuulizwa kwa kichwa, lazima aruhusiwe mdomo. Baba mdogo amesifu akili yangu. Amesema sasa ameona faida ya kusomesha watoto. Najua nilimwahidi Bertilla hakuna ujanja. Lakini ugonjwa si ujanja. Ugonjwa humpata mtu yeyote.

Kazi iliyobaki ni salamu. Kwa wazee wa kule unachuchumaa na kupiga makofi ndipo uamkie. Nimejaribu mbele ya Mama. Akaziba masikio. Amesema ninapiga makofi ya mkutano wa chama. Kweli, Bulgaria tulikuwa tunapiga mpaka viganja vinawaka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Mama amenionyesha upya: taratibu, chini, kama umeshika kifaranga na hutaki kikukimbie. Nimefanya mpaka mbwa wa jirani akaja kuniamkia.

Jumapili, 12 Julai

Nimerudi. Mbavu zinauma, tumbo limejaa, mikono inanuka mafuta ya nyonyo. Niandike kwa mpangilio.

Tulifika Pito baada ya misa: mimi na taulo langu, Mama, Baba mdogo. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya kifaranga, nikasema shikamoo. Mzee Baltazari akaitikia. Mkewe, Mama Coleta, akaitikia, na nikaona wametazamana vizuri. Kifipa changu kilikuwa na kutu lakini kilitembea. Baba mdogo akautangaza ugonjwa wangu kwa huzuni kubwa, akaomba niruhusiwe kusema kwa mdomo. Mzee alikuwa anakaribia kukubali. Anakaribia!

Hapo blanketi la pembeni likaongea. Nilidhani ni rundo la nguo, kumbe ni Bibi Tereza, mama mzazi wa Mzee Baltazari. Akasema kama ni shingo, shingo ni kazi yake, amenyoosha za Pito nzima pamoja na ya mwenyekiti wa kijiji. Akaagiza maji ya moto na mafuta ya nyonyo. Nikakataa kwa heshima. Kwa kichwa.

Bibi akasema mnaona, mume wangu amekubali.

Akafungua taulo. Vidole vya bibi yule! Shingo ililia kama bawaba za ghala. Aliivuta, akaikunja, akaisema. Alipomaliza ningeweza kuutazama mgongo wangu mwenyewe. Nyumba nzima ikampongeza. Mzee akasema sawa, kijana ni mzima, desturi iendelee.

Nikajikumbusha. Mbele ndiyo, pembeni hapana. Mbele ndiyo.

Mzee akaitazama picha ya Amos ukutani, amevaa kofia ya mahafali. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kuliko nilivyotegemea, kama huko nilikokuwa niliacha mke.

Swali lile lilinichoma. Halikuwa la mtu mkali. Lilikuwa la mtu aliyekwisha kuumia. Nikasahau mazoezi yote, nikataka tu kumtuliza haraka. Hapana, mzee wangu, sikuacha mtu. Nikainamisha kichwa. Nikainamisha tena na tena ili asiwe na shaka.

Mama Coleta alishika kifua. Mama yangu akajifunika kanga. Baba mdogo akasema kijana anatania. Mzee akasema hapa si mahali pa utani, na kwamba limebaki swali moja: je, kweli namtaka binti yake?

Namtaka! Nikatikisa kichwa mpaka mafuta ya nyonyo yakaruka ukutani. Na kwa kuwa moyo ulijaa, neno la Kibulgaria la kukubali likanitoka lenyewe. Da! Da! Kwa masikio ya Pito hiyo ilikuwa dah ya mtu anayejuta kuja.

Mzee akasimama. Akatushukuru kwa kuja. Akasema uji uletwe.

Machozi yalinijia, sioni haya kuyaandika. Nilitaka kusema, lakini nikifungua mdomo nimevunja desturi yao, na nikitumia kichwa naharibu zaidi. Nilikaa hapo kama jiwe lenye mafuta.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bertilla akaingia, akapiga magoti mbele ya baba yake, akapiga makofi, akaomba jambo moja tu. Aniulize kama nina njaa. Mzee hakuelewa, lakini akauliza. Sikuwa nimekula tangu jana kwa hofu. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote, na tumbo likanguruma nyumba nzima ikasikia. Bertilla akaomba aniulize kama mimi ni mwanamke. Mzee akakunja uso, akauliza. Nikainamisha kichwa. Akaomba aniulize kama mimi ni fahali wa Shija. Nikainamisha.

Bibi Tereza aliwatangulia wote kuelewa. Alianza kucheka ndani ya blanketi, blanketi likaanguka. Bertilla akaeleza kwamba huko nilikosoma ndiyo yao iko pembeni na hapana yao iko mbele, na kwamba nimejibu maswali yote sawasawa, ila kwa Kibulgaria.

Mzee alibaki amesimama. Kisha akasema leo, kwa mara moja, kijana aruhusiwe mdomo. Akauliza upya. Nikasema sikuacha mke. Nikasema namtaka Bertilla. Halafu, bila kupanga, nikamwambia kwamba huko mtu anaanza kwa kuchelewa barua moja. Anaona haya. Akiona haya anachelewa ya pili, na kadiri anavyochelewa ndivyo haya inavyokua. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa mwaka mzima hivyo, nalia Krismasi na kalamu iko mezani. Nikamwambia sidhani kama Amos amesahau. Nadhani anaogopa.

Mzee akakaa. Akafuta uso kwa mkono wazi. Kisha akaanza kucheka, taratibu, halafu kwa sauti.

"Jamani," alisema, "mimi nilidhani Ulaya inawageuza mioyo. Kumbe inawageuza shingo tu! Shingo si inanyooshwa?"

Vigelegele! Bibi Tereza amecheza. Uji haukuonekana tena, badala yake walileta kuku na ugali na pombe ya ulezi kwenye chungu. Mama Coleta amenipakulia mwenyewe. Mzee amesema kesho atamwandikia Amos yeye wa kwanza, asingoje Krismasi. Mama yangu na Mama Coleta wamelia wameshikana kama watu wa msiba, kumbe ni raha.

Bertilla, wakati wa kututoa, ameniuliza taulo lilikuwa la nini. Nimemwambia baridi.

Nikitafakari, mpango wa taulo umefaulu kabisa. Bila taulo Bibi asingenichua, na bila kuchuliwa nisingeweza kutikisa vizuri vile.

Jumatano, 15 Julai

Siku mbaya. Kila mtu anafurahi.

Bertilla alikuja sokoni asubuhi, macho yanang'aa. Amepata nafasi ya chuo kikuu India! Shahada ya kemia, miaka mitatu, anaondoka Septemba. Aliipata tangu Mei. Alikuwa anaogopa kumwambia baba yake, akasema angoje kwanza aone atanipokeaje mimi. Maswali yale yote ya Sabasaba yalikuwa ya hili. Na mimi nilidhani anapenda sauti yangu.

Nilimtegemea Mzee Baltazari. Nilijua atakataa. Amekubali! Amesema aende tu, wanaokwenda wanarudi, yeye mwenyewe ameona mfano kwa Adriano. Amesema ndoa tufunge kabla au baada, tutakavyopenda wenyewe. Mama amefurahi. Baba mdogo amemchagulia sketi mbili nzuri kabisa. Kornel, ambaye bado anangoja nafasi yake ya Ulaya na haelewi kwa nini wizara haimjui, ameahidi kumwazima koti. Koti langu! Kwenda kwenye joto!

Nikamwambia Bertilla ukweli. Nikamwambia ng'ambo inabadilisha watu. Unakwenda na akili zako, unarudi huelewani na muuza sukari. Akaniuliza kama mimi nilibadilika. Nikasema hata kidogo. Alicheka sana, akanibusu shavuni mbele ya mitumba yote, akaniambia ataandika kila wiki, na akichelewa atasema amechelewa. Kisha akarudi kufundisha.

Sijatulia tangu hapo. Nimeulizia India. Nasikia huko kichwa wanakipeleka upande, halafu upande, taratibu, na hakuna mgeni anayejua kama wamekubali au wamekataa. Nitaishije na mke wa namna hiyo? Na akizoea pilipili zao? Na akipata profesa mwenye miwani? Miaka mitatu ni mingi. Mzee Baltazari wa zamani alikuwa mtu mwenye msimamo. Sijui nani amemharibu.

Kuna mpango lakini. Jioni nimepanda baiskeli hadi Pito kimya kimya, nimezungumza na Bibi Tereza. Nimemwomba mwisho wa Agosti augue kidogo, ugonjwa wa heshima, wa kumfanya mjukuu aone huruma ya kuondoka. Amekubali palepale! Ameuliza tu kama nataka wa kukohoa au wa kutokula, nikachagua wa kukohoa. Mpango hauna tundu hata moja. Bertilla mwenyewe atakuja kunishukuru. Mimi nilikaa ng'ambo miaka sita nikarudi vilevile nilivyokuwa, lakini si kila mtu ana kichwa kama changu.